Mstari wa Tatu kwenye Mzinga

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimepiga picha ya mwezi. Saa nne asubuhi, jua likiwaka kabisa. Mashimo yake yote yanaonekana, hata yale madogo kama makovu ya ndui. Kuanzia hapa Nuu mpaka Mwingi mjini hakuna mzee mwingine amefanya hivyo. Kama yuko, ajitokeze.

Sawa. Si mwezi. Ni sahani ya Ndunge. Ile ya bati iliyobambuka rangi, aliyokuja nayo nilipomwoa. Ilikuwa juu ya uchaga ikikauka. Nilifinya mahali nisipopajua, pua ya kamera ikatoka, ikatoka tena, na nilipochungulia nikaona duara jeupe lenye makovu. Lakini picha ni nzuri. Nitamwonyesha pasta nione kama atamsifu Mungu.

Siku ya nne na kamera hii. Mbuzi kwanza, halafu chai, halafu naitoa mfukoni, napangusa kioo kwa kitambaa cha miwani, natafuta kitufe kipya. Kitufe kimoja kwa siku. Kwa jinsi vilivyo vingi nitafika Pasaka.

Mwende ndiye aliyenitumia. Binti yetu ana duka la vyombo Emali. Mwongoza watalii mmoja anayepita hapo akienda Loitokitok alikuwa anaiuza ili anunue kubwa zaidi. Kubwa zaidi ya hii? Hii tayari ina uzito wa jogoo. Upande wa kulia ina mshiko wa mpira, umevimba, vidole vinaingia pale kama unakamua mbuzi. Juu ya mshiko kuna kitufe cha kupigia. Kukizunguka kuna pete yenye kijino. Sukuma kijino kwenye T, pua inatoka. Sukuma kwenye W, inarudi. Darasa la tano nilikaa miaka miwili na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba T ni kwenda na W ni kurudi.

Naandika Kiswahili kwa sababu Ndunge anasoma Kikamba vizuri sana.

Jumanne, 4 Februari

Kamera imekufa. Nimechungulia kwenye kile kidirisha cha jicho, ukungu mtupu. Mbuzi wangu wote wamekuwa mawingu yenye miguu. Nikamtukana yule mwongoza watalii, yeye na simba wake wote.

Mchana. Haijakufa. Kando ya kidirisha kuna kigurudumu kidogo kama punje ya choroko. Ukikizungusha kinalinganisha kioo na jicho lako. Yule mtu alikiacha kwenye jicho lake, jicho la kijana. Nimekizungusha mpaka mwisho kabisa, na sasa naona kupe kwenye sikio la mbuzi mweupe. Mbuzi yuko kule kwenye kichaka. Kupe!

Kamera yangu ya zamani haikuwa na mambo haya. Kibanda changu cha picha pale Emali kilikuwa na pazia lenye maporomoko ya maji, stuli moja, na filamu ya picha thelathini na sita. Zikiisha zimeisha. Miaka thelathini nimewaambia watu wasipepese macho. Maharusi, watoto wa ubatizo, makuli wa lori waliovaa koti langu moja la kukodi. Nimewapiga watu wote wa barabara ile. Kwenye ukuta wa nyumba yangu mimi mwenyewe sipo hata kwenye picha moja.

Nzioka aliahidi kunipiga. Lakini huyo sitaki kumwandika leo.

Jumatano, 5 Februari

Inanibidi kumwandika.

Kilonzo, mzee wa kijiji, alikuja asubuhi kabla sijamaliza chai. Nzioka ameitisha kikao. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano. Anataka jina lake lisafishwe mbele ya watu. Kitinda mimba wake, Kavutha, ameposwa, na watu wa upande wa mume wanatakiwa kuleta mbuzi za ntheo. Bila mbuzi hizo hakuna ndoa, hata kama pasta atahubiri mpaka sauti ikauke. Na wamesema hawaleti mbuzi kwenye boma la mwizi wa asali.

Mwizi wa asali ni neno langu. Nililisema mimi, kwenye kisima cha bomba, watu wakiwa kwenye foleni na mitungi yao. Miaka saba sasa.

Ilikuwa hivi. Baba yangu alitundika mzinga kwenye mgunga ule mkubwa ng'ambo ya korongo. Niliporudi kutoka Emali nikauona, nikaungojea ujae. Siku ya kwenda kuurina kijana niliyempandisha akaukuta mtupu, masega yameondolewa. Na njiani nikakutana na Nzioka ana ndoo, mdomo unang'aa. Nifikirie nini? Kwamba amepaka mafuta?

Huku kwetu mwizi wa ng'ombe anaweza kusamehewa akaongoza hata kwaya. Mwizi wa asali wanamtaja hata kwenye mazishi yake. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema.

Wazee wakakataza yeyote asiguse mzinga ule mpaka ukweli ujulikane. Kabla hawajatuma mtu kuangalia alama, mvua zikala ukingo, sasa mgunga umeinama juu ya shimo, mizizi iko nje kama utumbo. Hakuna mtu anaweza kupanda pale. Alama ya mwenye mzinga imechongwa tumboni mwake, inatazama upande wangu, lakini ni mbali. Kwa macho ya kawaida mzinga wenyewe ni kama sigara.

Yetu ni mistari mitatu. Ya akina Nzioka ni miwili.

Nimeiangalia kamera. Kamera imeniangalia.

Alhamisi, 6 Februari

Kitufe cha leo: kile chenye nukta nyekundu, pale nyuma kwenye kidole gumba. Sikukitafuta, kilinitafuta. Nilikifinya bila kujua nikiwa natembea kwenda kisimani. Kimerekodi video ya dakika kumi na moja. Suruali yangu, viatu vyangu, vumbi, mkia wa mbwa wa mtu.

Na sauti. Kuna mzee mmoja ndani ya video hiyo anaongea peke yake njia nzima. Mwizi yule. Atanijua Jumamosi. Ataramba midomo yake. Nikajiuliza ni nani huyu mzee mchungu hivi, hana kazi?

Sijui kufuta video. Nimefunika kamera na kofia.

Ijumaa, 7 Februari

NIMEMSHIKA.

Kwa utaratibu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi, na pua ikishatoka yote mtetemo huo unakuwa tetemeko la ardhi. Unaona mti, unaona anga, unaona mti wa mtu mwingine. Chini ya kamera kuna tundu la kufungia miguu mitatu ya chuma, lakini miguu sina. Nina mbaazi. Ndunge ana mfuko wa mbaazi kama kilo tatu, amezichagua na kuzihifadhi za mbegu. Nimeuazima bila kusumbua mwenyewe. Nikaupeleka kwenye jiwe kubwa juu ya korongo, nikaulaza, nikaikalisha kamera juu yake kama malkia. Haikutikisika.

Kisha kile kigurudumu cha juu chenye herufi na michoro. Kuna P, A, S, M, sijui ni nini na siwaulizi. Kuna mchoro wa mwezi, kuna mchoro wa ndege. Nimekiweka kwenye ndege. Nyuki naye ana mabawa.

Halafu saa ya kuchelewesha. Unafinya, unaondoa mkono, kamera inangoja kidogo, inapiga yenyewe. Mkono wangu haumo kabisa. Mtu aliyefikiria hii alikuwa na baba mzee.

Nikasukuma T mpaka ikagoma. Mzinga ukaja. Ukaja mpaka nikataka kurudi nyuma. Nyuki mlangoni, kamba ya gome, na tumboni mistari. Mmoja, miwili, mitatu. Mitatu! Wa pembeni mfupi kidogo kuliko wenzake, lakini ni mstari.

Nimeruka juu ya lile jiwe. Mzee wa miaka yangu. Mwanamke aliyekuwa anapita na kuni akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Nimekaa benchi la mbele ili watu wanifuate kutoka. Nimeonyesha picha kwa wote waliotaka na watatu wasiotaka. Skrini yake inafunguka kando kama dirisha na inageuka, hivyo naishika mimi na anayesimama mbele yangu anaona. Mitatu, nawaambia. Hesabu mwenyewe.

Nzioka alikuwa nyuma kabisa, mahali anapokaa tangu siku ile ya kisima. Kavutha alikuwa pembeni yake. Hakunitazama kwa hasira, ningependa angenitazama kwa hasira. Alitazama kamera tu, halafu akamshika babake mkono wakatoka kabla ya sala ya mwisho.

Pasta ameona mwezi wangu. Amemsifu Mungu.

Ndunge amegundua mbaazi. "Baba Mwende, wewe ni wa kufungwa na kamba kama ndama," ameniambia. Na bado hajamaliza.

Jumatatu, 10 Februari

Nimerudi kwenye jiwe kupiga nyingine, safi zaidi, nimtumie Mwende aichape kwenye karatasi kubwa. Wazee wengine hawaamini kitu kisichoshikika.

Kitufe kipya leo. Kiko kando ya pua, upande wa kushoto. Tatizo la kuvuta mbali ni kwamba ukipotea umepotea, unatembea juu ya majani na hujui ni mti gani. Sasa ukikifinya na kukishikilia, kamera inarudi nyuma yenyewe, unaona mti mzima, na katikati kuna kisanduku kinachokuonyesha pale ulipokuwa unaangalia. Ukikiachilia, inarudi pale pale. Nimekipenda. Nikacheza nacho. Mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Nikapata mzinga. Nikahesabu.

Miwili.

Nikazungusha kigurudumu cha jicho. Miwili. Nikapangusa kioo. Miwili. Nikasema jua limebadilika. Nikakaa mpaka jua likabadilika kweli, nikapiga picha, nikahesabu tena.

Sikula mchana.

Jumanne, 11 Februari

Ukiwa unaangalia picha iliyokwisha pigwa, kile kijino cha T kinafanya kazi nyingine. Hakitoi pua. Kinakuza picha yenyewe. Nilikuwa sijui. Leo asubuhi nimeifungua picha ya Ijumaa, nikasukuma T, na tena T. Mstari wa kwanza, umechongwa kwa shoka. Wa pili, umechongwa kwa shoka. Wa tatu una miguu minne.

Mjusi.

Amelala pale anaota jua, mkia umenyooka, na jicho moja linanitazama mimi. Nimemwonyesha kanisa zima mjusi.

Na niseme ukweli, hapa hakuna mtu anasoma. Baba alipochonga alama zake shoka liliteleza, hivyo mstari wetu mfupi ni wa katikati. Siku zote ni wa katikati. Ijumaa niliona kwamba mfupi ni wa pembeni. Niliona. Nikaruka juu ya jiwe hata hivyo.

Basi mzinga ni wa akina Nzioka. Na wetu uko wapi? Nikabeba mbaazi nikarudi jiweni, Ndunge akinifuata kwa maneno mpaka kwenye ua. Nikafinya kile kitufe cha kando. Mti mzima ukaja, kuanzia matawi hadi mizizi. Nikaangalia chini, mahali ambapo sikuwahi kuangalia kwa sababu mizinga haikai chini. Kati ya mizizi, nusu yake ndani ya mchanga, gogo la zamani. Nikaachilia, nikalilenga, nikavuta, nikapiga. Mstari, mstari mfupi, mstari.

Ulianguka. Labda nikiwa bado Emali nawapiga makuli picha. Mti mmoja, mizinga miwili, na mimi sikujua, kwa sababu baba yangu alikufa nikiwa huko kibandani na sikurudi kumuuliza kitu chochote.

Nzioka alikuwa anarina mzinga wa babake. Siku ile na siku zote.

Jumatano, 12 Februari

Kuna kitufe chenye mchoro wa pipa la taka. Kiko chini kabisa, kona ya kulia. Nilikuwa nimekiacha kwa mwisho.

Nimefikiria hivi. Picha ya Ijumaa nikiikuza kidogo tu, si sana, ni mistari mitatu. Mwende ataichapa hivyo. Picha ya Jumatatu na ya jana, mtu mwingine amezijua? Hapana. Mti utaanguka mvua zikija, mzinga utakwenda na maji, na mimi nitabaki mtu aliyesema kweli kisimani. Wazee watauma vidole. Kavutha ataolewa mahali pengine, na mwingine.

Nikaifungua ya Jumatatu. Nikafinya pipa. Kamera inauliza kama nataka kufuta. Chini yake, Ndiyo na Hapana. Na alama ya njano, ile inayoonyesha umesimama wapi, imekaa kwenye Hapana. Lazima uisogeze wewe mwenyewe, kwa kidole chako, mpaka kwenye Ndiyo.

Nikatoka nikawapa mbuzi maji. Nikarudi. Skrini ilikuwa imezima. Nikaiwasha, nikafinya pipa tena. Imekaa Hapana.

Aliyeitengeneza alitujua.

Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, lakini ulitetemeka pale pale. Haukusogea.

Alhamisi, 13 Februari

Naogopa. Nimerudisha sahani ikiwa imejaa. Nimemwambia Ndunge ni maharagwe.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwambia Ndunge si maharagwe. Nimemwonyesha yote, mjusi na gogo. Aliangalia muda mrefu. Nilijitayarisha kufungwa kama ndama. Alikwenda jikoni akarudi na mfuko wa mbaazi akaniwekea miguuni.

"Peleka na hizi kesho," akasema. "Wakitaka kuangalia mti wenyewe utaikalisha juu ya nini?"

Nimechaji betri. Mlango wa betri uko chini, unafunguka kwa ukucha. Nimeangalia kama kadi iko. Iko.

Jumamosi, 15 Februari

Kikao kilikuwa kwenye uwanja wa duka la Kilonzo, wazee wanne kwenye viti vyao na watu wamesimama kuliko mazishi ya chifu. Nimevaa koti. Kilonzo akaniambia nionyeshe ushahidi ambao nimeutangaza mpaka kanisani.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakaruka. Nikasema tu, "Mzinga ni wa Nzioka. Mimi ndiye mwenye makosa." Halafu nikakaa, na nilipokaa nikakumbuka kwamba sina kiti.

Kelele. Nikiwa bado chini nikampa Kilonzo kamera. Akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu. Akafinya kitufe cha kuwashia, pua ikatoka ghafla na kumsalimia kifuani. Mzee aliyekuwa karibu naye alisimama bila fimbo. Ikabidi niwaonyeshe mmoja mmoja, nikisukuma T mbele ya kila uso. Mstari. Mstari. Mjusi. Wengine walitaka kumwona mjusi mara mbili. Halafu gogo kwenye mizizi, na mstari wetu mfupi katikati.

Mzee mkubwa kuliko wote, ambaye tulidhani amelala, akafungua mdomo. Kumbe anajua. Baba yangu alikuwa na mti na hakuwa na nyuki wa kutosha, babake Nzioka alikuwa na mizinga na hakuwa na mti. Wakakubaliana. Alikuwepo siku wanatundika, alishika kamba. Kwa nini hakusema miaka saba? Hakuna aliyemuuliza. Yeye alifikiri tunagombania kisima.

Nzioka alifika mwisho kwenye skrini. Sijasimama karibu naye hivyo tangu siku ile. Amezeeka, shingo imebaki ngozi. Aliangalia, akachukua kamera mikononi mwangu, akasogeza uso mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Kwa hivyo nimefanywa mwizi na mjusi," akasema.

"Na mimi," nikamwambia. "Mjusi alikuja juzi tu. Miaka saba ni yangu."

"Siku ile kisimani nilikuwa nakuambia kuna mizinga miwili. Ulikuwa unapiga kelele kuliko bomba."

Alisimama pale. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika na nikadhani analia, Mungu anisaidie, nimemliza mzee mwenzangu hadharani. Alikuwa anacheka. Anamwangalia yule mjusi na kucheka mpaka Kilonzo akamnyang'anya kamera asije akaiangusha.

Wazee wakanitoza mbuzi dume aliwe na wote. Nimewapa yule mweupe, aliyekula kola ya shati langu. Kisha wakaniamuru niende kisimani, saa ya foleni, nilifute neno langu pale pale nilipolisemea, kwa sauti ile ile. Nimekwenda. Nimepiga kelele kuliko bomba. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko mbuzi. Kavutha alikuwa kwenye foleni na mtungi. Aliendelea kuteka maji, lakini nilipomaliza alinisalimia, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyosalimia watu wengine.

Nimechoka. Nimefurahi. Sijui ni kipi zaidi.

Jumamosi, 1 Machi

Mbuzi za ntheo zimeingia bomani kwa Nzioka saa tano. Tatu, zote na masikio mazima, nimezikagua kwa kidirisha kutoka getini kabla hazijafika, nikamtangazia Nzioka rangi zao. Nimekuwa mpelelezi wake.

Nimepiga mpaka betri ikapiga mluzi. Nimejifunza flashi: haitoki yenyewe, kuna kitufe kando unakifinya inaruka juu kama kifuniko cha sufuria. Nimepiga akina mama wakiimba, sufuria za muthokoi wa mahindi na maharagwe, mkwe akijaribu kuwa mpole. Kavutha nilimpiga kutoka mbali, nyuma ya ghala, akiwa hajui, wakati babake anamrekebisha kilemba. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Mtu akijua unampiga anakupa uso wa kitambulisho.

Aiya, nimekula.

Jumapili, 2 Machi

Nzioka amekuja baada ya ibada. Tumekaa kwenye jiwe, kamera juu ya mbaazi. Nyuki wanaingia na kutoka. Anasema watarina wakati wa baridi, kama kijana mwepesi atapatikana wa kufunga kamba kutoka juu, na gogo la baba yangu litavutwa nalo. Amesema lisitupwe. Atalitengeneza mlango mpya tulitundike upande huu, kwenye mti wenye akili.

Jicho lake si jicho langu. Akichungulia anazungusha kile kigurudumu cha punje ya choroko, anaona. Akinirudishia nakuta ukungu, nazungusha, naona. Akichukua anakuta ukungu. Tumefanya hivyo mpaka saa saba na hakuna aliyelalamika.

Ameondoka. Nimebaki naandika hapa jiweni.

Nimeangalia picha zote tangu mwanzo, na kile kitufe chenye mshale. Sahani. Kupe. Mjusi. Wazee. Mbuzi, Kavutha, kilemba. Mimi sipo. Kuna viatu vyangu tu kwenye ile video.

Siku Nzioka alipooa alikuja mpaka Emali, kwenye kibanda changu, yeye na Kalekye wake. Niliwapiga mbele ya maporomoko ya maji na picha yao ilikuwa ya thelathini na sita. Ndunge alikuwa pale, amevaa gauni la bluu, tulitaka na sisi tupigwe. Filamu imeisha. Nzioka akasema, Mutinda, nitarudi nikupige mimi mwenyewe wewe na mama. Sikusahau. Hata miaka ile saba sikusahau, nilikuwa namdai kimya kimya.

Mwende ataniambia kuna ile saa ya kuchelewesha, jiwekee, ukimbie, ukae. Najua. Hiyo saa haikuniahidi kitu.

Basi kesho, Nzioka, ukija kuchungulia kamera yetu, nitamwambia Ndunge atafute kitu cha bluu. Zungusha kigurudumu mpaka utuone vizuri. Finya taratibu. Mara moja tu, na usinikate kichwa.